Jenetiki ya kinga huanzia kwenye tyubu ya zambarau

Damu ikishatoka mwilini haimsubiri mtu. Ichote asubuhi Kitangari, iache kwenye gari lililoegeshwa juani mpaka mkutano wa kijiji uishe, na jioni ukifika Mtwara mjini bado utakuwa na tyubu yenye damu nyekundu, ila nusu ya maswali uliyotaka kuiuliza haiwezi tena kuyajibu. DNA utaikuta. Seli hai za kinga zitakuwa zimechoka au zimekufa, na RNA, ule ujumbe unaoonyesha ni jeni zipi zilikuwa kazini wakati ule, itakuwa imeshabadilika.

Naanza na hili kwa sababu vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaotamani jenetiki ya kinga ya mwili huiwaza kuwa kazi ya kompyuta, iliyoko Dar es Salaam au Ulaya. Kompyuta ipo, tena kwa saa nyingi. Lakini kosa lililofanyika katika saa ya kwanza hakuna mashine inayoweza kulifuta baadaye, na saa hiyo ya kwanza hupita huku kwetu, kwenye zahanati na kwenye baraza za nyumba.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi. Watoto wawili wanalala chumba kimoja Mikindani, wanaumwa na mbu walewale. Mmoja anapata homa ya siku mbili, mwingine anafikishwa hospitali ya Ligula ana degedege na hajitambui. Umri una sehemu yake, lishe ina yake, idadi ya vimelea ina yake. Sehemu inayobaki, ile waliyorithi kwa baba na mama, ndiyo anayoifuatilia mtaalamu huyu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata ahueni fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1991 mtafiti Adrian Hill na wenzake wakapata, kwa watoto wa Gambia, kwamba aina ya HLA iitwayo B53 huonekana mara chache zaidi kwa watoto wenye malaria kali kuliko kwa wenzao.

HLA ndiyo moyo wa fani. Ni protini zinazokaa juu ya seli zikiwa zimeshika vipande vidogo vya kile kilichomo ndani, mfano wa sinia lililotolewa mlangoni, na seli T, askari wa kinga, hupita kukagua. Kipande kikiwa cha kirusi au cha kimelea, seli hiyo huuawa. Umbo la sinia hutofautiana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana kipande kinachotulia vizuri kwenye sinia la Hadija kinaweza kuteleza kwenye la Saidi. Jeni zake zimekaa kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na aina zilizokwisha kuorodheshwa duniani zinapita 35,000. Jina kama HLA-B*53:01 lisikutishe: B ni jeni, 53 ni kundi, 01 ni protini yenyewe. Jean Dausset alieleza aina ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na George Snell na Baruj Benacerraf. Elimu hiyo leo inatumika hapa nchini: Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma hupandikiza figo na uboho. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana HLA zote, na mwenye kupima mfanano huo anatakiwa awe anajua anachokifanya.

Wa Kusini tuna sababu yetu wenyewe ya kuijali kazi hii. Chikungunya iligunduliwa kwenye uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Jina limeenea dunia nzima. Swali la kwa nini mgonjwa mmoja hupona kwa wiki moja na mwingine hubaki na viungo vinavyouma kwa miezi ni swali la jenetiki ya kinga kabisa, na sioni mahali panapostahili zaidi kuliuliza kuliko Newala na Tandahimba.

Sasa tyubu. Kwa kazi ya DNA na ya seli, ya kawaida ni yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda. EDTA hukamata kalisiamu, na bila kalisiamu damu haigandi. Ya kijani ina heparini. Heparini nayo huzuia kuganda, lakini hung'ang'ania na kukizuia kimeng'enya cha PCR, ile njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kipimike, kwa hiyo mtu aliyechukua ya kijani kwa sababu zambarau zimeisha anaweza kujikuta wiki tatu baadaye hana matokeo na haelewi kwa nini. Nyekundu ni ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Ukijaza zote kwa mkono mmoja, anza na nyekundu, ifuate kijani, zambarau iwe ya mwisho, maana tone la EDTA likiingia kwenye tyubu ya seramu hushusha kalisiamu na kupandisha potasiamu kwa uongo. Jaza mpaka mstari. Kisha igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi: chembe nyekundu zitapasuka, na ile rangi inayovuja huzuia PCR pia.

Mtu mzima hutoa mililita 5 au 10. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takribani mililita 800 mwili mzima, kwa hiyo mililita 2 zinatosha, na pengine matone kwenye karatasi yanatosha zaidi. Duara moja la karatasi hubeba kama mikrolita 50. Ilaze mlalo kivulini isiguswe, angalau saa 4. Kwa unyevu wa pwani ya Mtwara na Lindi mimi naona heri ilale usiku kucha. Ukiifunga mbichi huota ukungu, na ukizipanga juu ya nyingine zikiwa na majimaji, damu ya mtu huyu inaingia kwa yule. Ikikauka, iweke kwenye mfuko unaofungika pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kipande cha milimita 3 kina damu kama mikrolita 3. Mikrolita moja ina seli nyeupe kama 5,000, na kila seli ina pikogramu 6.6 za DNA. Zidisha: karibu nanogramu 100. Zinatosha kwa PCR nyingi. Hazitoshi kwa kila kitu.

Kosa ninaloliona la hatari kuliko yote ni la upendo: kuiweka kila sampuli kwenye barafu. Damu ya DNA inavumilia nyuzi 4 kwa siku kadhaa. Damu utakayotoa seli hai inatakiwa ikae kati ya nyuzi 18 na 25 na ichakatwe ndani ya saa 8 ukiweza, isizidi 24. Ikipoa sana au ikichelewa, granulositi, seli nyeupe zenye chembechembe ndani, hubadilika uzito na kuja kuchanganyika na zile unazozitaka. Basi beba maboksi mawili, la kwanza la baridi kwa damu ya DNA, la pili kwa damu ya seli hai. La pili weka chupa za maji yaliyopoa tu, sio yaliyoganda, na kipimajoto kinachosomeka bila kufungua kifuniko. Gari lililosimama juani Mtwara hupita nyuzi 40 kwa urahisi.

Kwenye lebo, jina la mtu halitoshi wala halitakiwi. Katika kijiji kimoja cha pwani unaweza kuwapata akina Hamisi Saidi watatu kabla ya adhuhuri. Tumia namba iliyochapwa, moja kwenye tyubu, moja kwenye fomu, moja kwenye daftari, zibandikwe mbele ya mwenye damu kabla hajainuka. Kalamu ya wino hufutika spiriti ikimwagika, na karatasi ya kawaida hubanduka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Anayechambua data baadaye atagundua tyubu zilizobadilishana pale kromosomu ya X itakaposema mwanamke na fomu ikasema mwanaume. Zile za jinsia moja zilizobadilishana hatazigundua kwa njia hiyo.

Kabla ya haya yote kuna ridhaa, na hapa mtaalamu aliyezaliwa Kusini anamzidi mgeni mwenye shahada tatu. Hofu ya mumiani haijafa. Bibi akiuliza, "Mwanangu, damu yangu mnaipeleka wapi?" usimjibu kwamba inakwenda kwenye utafiti. Mjibu: "Shikamoo bibi. Inakwenda maabara ya mjini, ni kijiko kimoja cha chai, tutaangalia kinga ya mwili wako inavyopambana na homa. Sehemu itakaa kwenye friza miaka kadhaa. Haiuzwi. Ukibadili mawazo, tupigie namba hii, tutaiondoa." Halafu kila neno hapo liwe kweli. Asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa mradi. Kwa mtoto, mwenye kutia saini kisheria ni mzazi au mlezi, lakini kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, wenye kufuata ukoo wa mama, neno la mjomba lina uzito. Ukimruka mjomba, saini ya baba unaweza kuwa nayo na watoto usiwaone siku ya pili. Wakati nao uchague: msimu wa kuokota korosho utafika kijijini ukute nyumba zimefungwa, watu wako mashambani.

Utafiti unaochukua baba, mama na mtoto una jambo moja zito zaidi. Vipimo vinaweza kuonyesha kwamba baba aliyeandikwa kwenye fomu siye aliyemzaa mtoto. Hilo liamuliwe kabla ya tyubu ya kwanza, na liandikwe kwenye fomu ya ridhaa: taarifa za uzazi hazitatolewa kwa yeyote, na familia hiyo itaondolewa kwenye hesabu kimyakimya. Kibali cha kitaifa cha maadili kinapitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Tangu kuja kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha inayounganisha namba na majina haipaswi kuzurura kwenye simu ya mtu.

Maabarani, kutenga seli za kinga ni ufundi wa mikono. Changanya damu na maji ya chumvi yaliyowekewa bafa, nusu kwa nusu. Kwenye tyubu ya mililita 50 weka mililita 15 za Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, kisha mimina damu juu yake polepole ukiwa umeinamisha tyubu, tabaka mbili zisivurugike. Izungushe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Nasisitiza breki. Mashine ikisimama ghafla, tabaka linavurugika na kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Chumba kikiwa cha moto kwa sababu kiyoyozi hakifanyi kazi, Ficoll inakuwa nyepesi na sehemu ya seli unazozitaka inazama pamoja na nyekundu. Kikiwa baridi sana, nyekundu na granulositi zinabaki juu na kukuchafulia. Ukifanya vizuri utaona utando mweupe kama ukungu kati ya plazma, yale majimaji ya damu yaliyo juu, na Ficoll. Huo ndio. Uchukue kwa pipeti, uoshe mara mbili, uhesabu. Mtu mzima hutoa seli milioni 1 hadi 2 kwa kila mililita ya damu.

Kuna mtego mwingine hapo, wa kipimo. Usinakili "mizunguko 1,500" kutoka kwenye daftari la maabara nyingine, maana nguvu hutegemea urefu wa mkono wa mashine. Kanuni ni g = 0.00001118 × r × mizunguko kwa dakika ikizidishwa yenyewe, r ikiwa ni sentimita. Mkono wa sentimita 16 unahitaji mizunguko 1,495 kupata 400 g. Wa sentimita 10 unahitaji 1,891.

Kugandisha: seli milioni 5 hadi 10 kwa kichupa, ndani ya seramu asilimia 90 na asilimia 10 ya DMSO, kimiminika cha kulinda seli zisiharibiwe na barafu. DMSO huzuia barafu kuzipasua seli lakini ni sumu kwao zikiwa na joto, hivyo ikishaingia usianze maongezi. Zishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi 80 chini ya sifuri, kisha zihamie kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia kama bado ni baridi. Kila kufungua kunaondoa baridi unayoihitaji mpaka jenereta iwake.

DNA haina makuu kiasi hicho. Mililita moja ya damu yenye seli nyeupe milioni 5 ina mikrogramu 33. Ukitoa 20 umefanya vizuri. Pima kwa mwanga: uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8, na wa 260 kwa 230 uwe 2.0 au zaidi. Wa kwanza ukishuka kuna protini au fenoli, wa pili ukishuka kuna chumvi za kifaa cha kusafishia, osha tena. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa bila sababu.

Penye kuharibika taaluma za watu ni kwenye uchambuzi. Tuseme umekusanya wagonjwa kutoka Newala na wasio wagonjwa kutoka Kilwa, kwa kuwa huko ndiko ulikopata gari. Aina fulani ya jeni ina asilimia 20 Newala na asilimia 10 Kilwa, kwa historia tu ya watu walivyohama na kuoana. Kompyuta itakuambia jeni hiyo inaleta ugonjwa. Haileti kitu. Umepima umbali kati ya wilaya mbili. Dawa yake inaanzia kwenye fomu: andika mahali walikozaliwa na lugha ya nyumbani ya babu na bibi wote wanne. Kuandika "Mmakonde" peke yake hakutoshi, kwani kuna wa uwandani na kuna waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Halafu chukua wagonjwa na wasio wagonjwa kutoka vijiji vilevile, na kwenye hesabu urekebishe kwa uchambuzi wa vijenzi vikuu, hesabu inayowapanga watu kwa jinsi DNA zao zinavyofanana. Kizingiti cha kukubali matokeo kwenye jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, ni 5 × 10⁻⁸, yaani 0.05 igawanywe kwa majaribio milioni moja. Kwetu Afrika jenomu ni ya kale na imechanganywa zaidi, majaribio huru ni mengi kuliko hayo, kwa hiyo hata kizingiti hicho ni cha upole.

HLA ina ugumu wa ziada. Jeni zake zinafanana mno, vipande vifupi vya usomaji hutua kwenye jeni isiyo yake, na jedwali la kukisia HLA lililojengwa kwa Wazungu hukisia vibaya kwa Waafrika. Tumia programu zilizotengenezwa kwa ajili ya HLA, na sehemu ya sampuli zisome moja kwa moja ili uhakikishe. Ukubwa wa data nao upange mapema: jenomu moja iliyosomwa mara 30 inaweza kufika gigabaiti 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni saa 22 za kupakua, umeme usipokatika.

Njia ya shule ni ndefu lakini inaeleweka. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kidato cha 5 na 6, na ile hesabu ya BAM usiichukulie kama mzigo wa pembeni, maana takwimu ndiyo itakayokulisha. Baada ya hapo, Biolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bayoteknolojia na Sayansi ya Maabara SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Sayansi ya Maabara ya Tiba MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili), au udaktari. Kwangu, mwenye stashahada ya maabara aliyechota damu miaka miwili vijijini na baadaye akaenda shahada huanza mbele ya wengi. Uzamili miaka 2, uzamivu 3 au 4. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha ngazi hizo. Ajira zipo NIMR, Taasisi ya Afya ya Ifakara, Moshi na vyuoni, nyingi zikiwa za mikataba inayoisha mradi unapoisha. Jambo hilo ni gumu kwa mwenye familia na linapaswa kujulikana mapema.

Asiye na maabara anaweza kuanza na data ya bure. Mradi wa Jenomu 1000 una watu 2,504 kutoka jamii 26, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya. Hakuna jamii hata moja ya Tanzania. Pakua kromosomu ya 22, faili lililobanwa la kama megabaiti 200, laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Weka PLINK na R, programu za kuchambua data ya jenetiki na takwimu, zote hazilipiwi. Punguza alama zinazorithiwa pamoja kabla ya kuchora vijenzi vikuu. Ukisahau hatua hiyo, picha itaonyesha eneo moja la kromosomu badala ya kuonyesha watu. Waluhya wataonekana karibu na Wayoruba, ila wamejitenga. Ukilipata hilo, rudia kwa kromosomu ya 6 kati ya herufi ya DNA ya milioni 29 na ya milioni 33, mahali HLA inapokaa, na utaona picha inavyovurugika.